Kura Saba za Kumwoza Mama

Matemwe, 12 Februari 1956

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mize binti Mabrouk, Kiembe Samaki,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute salama, wewe na dada Sichana na mjukuu wako mpya, na shemeji pia. Huku sote wazima. Mbuzi wako wa madoa kazaa mapacha, wote majike. Shangazi kapata nafuu ya jino, ingawa kwanza aling'olewa lingine kwa makosa. Paa la jiko lako linavuja, lakini mvua yenyewe haijaanza, kwa hiyo halina neno.

Ulikwenda kumtazama Sichana arubaini yake, na sasa arubaini zimepita mbili. Watu wananiuliza unarudi lini.

Ama baada ya salamu, nikueleze hali ya timu, maana najua unaingojea.

Mwaka jana Nungwi walitutoa Kombe la Mashamba kwa goli moja, na sisi tulipiga golini kwao mchana kutwa. Aliyetutoa ni golikipa wao Mjaka, yule mchoma chokaa mwenye mikono kama sinia. Ana miaka arubaini na sita, hakimbii, hapigi kelele. Anasimama tu, na mpira unamjia kama kuku aliyeitwa. Na kwa kuwa chokaa ya kuchorea uwanja inatoka tanuri lake, mistari anachora yeye, na wallahi kila mwaka alama ya penalti inarudi nyuma hatua moja.

Sasa maoni yangu kama Katibu. Tumebadilishana wachezaji na Kidoti. Tumewapa hafubeki wetu mwenye kikohozi, wao wameturudishia wale watoto wa marehemu Bi Mwatum, Kificho na Makungu, wacheze fulubeki. Nilifurahi wiki nzima. Sikujua kuwa ndugu hawa hawasemezani, mwaka wa nne huu. Kificho akiwa na mpira, bora autie baharini kuliko kumpa nduguye.

Chipukizi tunaye mmoja, Matar, miaka kumi na minane. Ana shuti la kuvunja mlango. Ila anafunga akiwa ameelekea baharini tu. Tukibadilisha magoli kipindi cha pili, anakuwa kama mgeni aliyepotea njia. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwalim, anasema atakua. Mimi nasema bahari haitahama.

Nimesahau kukwambia, Mjaka kafiwa na mkewe miaka mitatu sasa, na hajaoa. Nakupa habari tu.

Mwanao,
Simai


Kiembe Samaki, Rajabu 10, yaani 22 Februari

Mwanangu Simai,

Marahaba. Barua yako imenifikia, dereva wa gari la shamba aliisahau siku sita chini ya gunia la muhogo. Sichana mzima, mtoto anazidi kunenepa, ana sauti ya muadhini. Shemeji yako anakusalimu. Hapa tuko karibu na uwanja wa ndege, na kila ndege ikishuka mtoto ananyamaza, kwa hiyo tunaziombea zije.

Nimefurahi kwa mbuzi. Kuhusu paa, mvua ikishaanza hutaweza kupanda. Panda sasa.

Nimehesabu barua yako: kurasa tatu za mpira, mistari miwili yangu mimi.

Kificho na Makungu nawajua tangu wanatambaa. Sababu ya ugomvi wao naijua vilevile. Hukuniuliza, basi.

Ile habari ya ujane wa Mjaka nimeisoma mara mbili, sikuona imehusu nini.

Nirudi lini, sijui bado.

Mama yako


Matemwe, 20 Machi 1956

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku salama. Shangazi anakusalimu kwa mdomo uliopona. Mvua imeanza. Paa nalishughulikia kwa mawazo.

Mama, nakuandikia jambo zito, na ninakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Unaijua Kanuni ya Saba ya Kombe: mchezaji ni wa kijiji anacholala siku nne kwa wiki. Hakuna barua wala saini, ni malazi tu. Ndiyo iliyomtesa Silima, wingi wetu, yaani mchezaji wa pembeni kushoto, mwenye mke mmoja Matemwe na mwingine Nungwi. Yeye mcha Mungu, anagawa zamu sawasawa, siku tatu na nusu huku, tatu na nusu kule, hafiki nne popote. Kamati ya Kombe ikaamua tukikutana na Nungwi acheze kipindi cha kwanza kwetu na cha pili kwao. Mwaka jana ndiye aliyetufunga lile goli moja, na Nungwi wakamshangilia, na mke wa huku akamnyima chakula.

Kamati yetu imekaa ikaona hivi: Mjaka hatuwezi kumfunga, basi tumwoze. Akioa Matemwe atalala Matemwe, na akilala Matemwe atadakia Matemwe. Tukamfikiria Bi Tabia kwanza. Bi Tabia akasema chokaa inampigisha chafya. Basi Mzee Mwalim akasimama akasema, "Mbona tunatafuta mbali? Katibu mamaake si mjane?" Ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

Zikapigwa kura. Saba zilikuunga mkono, moja ilikataa, ya mtu ambaye hukataa kila kitu. Mimi kwa kuwa ni mwanao sikupiga kura, nilihesabu tu.

Ujumbe ulikwenda Nungwi na halua sahani mbili. Mjaka alikula, akanawa mikono, akasema, "Siwezi kusema ndiyo wala siyo kwa mtu sijamwona." Mwezi ujao anapeleka chokaa huko Kiembe Samaki. Atapita kukujulieni hali.

Mama, sikulazimishi. Lakini ukimwona, tazama mikono.

Mwanao mtiifu,
Simai


Kiembe Samaki, Ramadhani 4, yaani 15 Aprili

Simai,

Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana kwa sababu ya mwezi mtukufu.

Mimi nimekuzaa. Sikukuzaa uje unitoe kama fulubeki. Baba yako, Mungu amrehemu, alinioa kwa kumtuma mama yake, na mama yake aliniuliza. Wewe umeniwekea kura! Na huyo mmoja aliyenikataa nitajieni jina, nimpelekee shukrani.

Watu saba wamekaa ukumbini wamejadili malazi yangu. Nikirudi Matemwe nitapita wapi nisione mmoja wao?

Mtoto kapata jino. Sichana mzima. Shemeji yako anafunga vizuri ila alasiri hasemezeki.

Mjaka alikuja na chokaa, kabla ya mwezi kuandama. Alikaa barazani. Alikunywa maji, na alipomaliza aliirudisha kata mwenyewe mahali alipoiona imetoka. Alizungumza na shemeji yako. Mengine hayana haja.

Nakuuliza neno moja, kwa mazungumzo tu: hiyo Kanuni ya Saba inasema mchezaji ni wa kijiji anacholala, au wa kijiji cha mkewe?

Mama yako


Matemwe, 20 Mei 1956

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na mkono wa Idi. Sikukuu ilikuwa njema, tumechinja, Shangazi kala nyama kwa mara ya kwanza tangu lile jino. Sikupata barua yako mwezi mzima isipokuwa ile ya hasira, na hasira niliistahili. Nimekaa nimejuta. Lakini swali lako mwishoni, Mama, nilipolisoma niliruka, nikamsomea Mzee Mwalim, naye akaruka kadiri ya umri wake.

Jibu: ni malazi. Mke hatajwi. Lakini mtu hulala kwa mkewe, kwa hiyo ni mamoja.

Nimeelewa kuwa hutaki kusema wazi, nami sitakulazimisha useme. Tumeshaanza matayarisho. Chumba chako tumekipaka chokaa, tumenunua ya kijiji kingine ili asidhani tunamvizia. Fundi anatengeneza kitanda kirefu, maana Mjaka ni mrefu. Paa la jiko tumeezeka upya, Kamati nzima ilipanda. Huko Nungwi habari zimeshavuja. Wamemweka golini mvuvi mmoja anayefumba macho mpira ukija.

Dereva wa gari la shamba anasema alikuona Darajani ukinunua udi na kanga jozi mbili. Nilimpa kikombe cha kahawa kwa habari hiyo.

Timu inaiva. Matar tumemfundisha kutembea kinyumenyume ili azoee kuipa bahari kisogo. Anaanguka, lakini anaanguka vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Taja siku tu, Mama. Tuje na gari.

Mwanao,
Simai


Kiembe Samaki, Mfunguo Pili 3, yaani 13 Juni

Mwanangu Simai,

Marahaba. Sote wazima. Mtoto anakaa peke yake.

Nimeolewa Alhamisi iliyopita. Kadhi alikuja baada ya alasiri, shemeji yako na majirani wakahudhuria, Sichana alipika biriani akalia ndani ya sufuria. Sikukwita kwa sababu ungekuja na Kamati.

Mjaka anakusalimu. Analala hapa. Kapanga nyumba ya pili kutoka kwa Sichana, yenye mpera uani, na amewasha tanuri lake nyuma, maana huku kunajengwa sana na chokaa inatakiwa. Vijana wa Kiembe Samaki walikuja kumpongeza, wakamwona mikono. Golini kwao walikuwa na bwana mmoja mwenye pumu. Siku ya pili wakamwandikisha. Mimi sikuwashawishi, niliwapa chai tu.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Uliniandikia barua tatu kuhusu huyu mtu, na zilisema mikono na urefu. Mimi nilimtazama uso. Alipokuja mara ya pili, ambayo sikukuandikia, aliniuliza, "Bi Mize, wewe unapenda kukaa wapi?" Simai, mwaka wa tisa huu tangu baba yako aondoke, na hakuna mtu aliyeniuliza neno hilo. Huko Matemwe mimi ni mjane wa fulani na mama wa Katibu. Watu wema wote, lakini wakinitazama wanamwona marehemu. Hapa jirani ananiita Mize, tukacheka, jua likachwa.

Nikamwambia napenda kukaa hapa. Akasema, "Basi nami." Ndiyo posa yenyewe, haikuwa na kura.

Ahsante kwa paa. Mpe Shangazi alitumie jiko.

Mama yako


Matemwe, 25 Juni 1956

Kwa Bi Mize binti Mabrouk, Kiembe Samaki

Bibi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU GOLIKIPA

Kamati imenituma nikuandikie rasmi. Kamati inasema kwamba mchezaji Mjaka, aliyeposewa kwa halua ya Matemwe, amehamishwa kwa njia ya ndoa kwenda kijiji kisichokuwa na haki naye. Kamati inataka maelezo. Kamati vilevile inauliza juu ya kitanda kirefu, ambacho hakuna mtu Matemwe anayekitosha.

Wako katika kazi,
Katibu

Mama, haya ya chini naandika mwenyewe. Shikamoo. Siku nne sikula. Nimepita nyumbani, nimekaa katika kile chumba cheupe. Nimekumbuka kwamba kweli sikukuuliza. Zaidi ya hapo siwezi kuandika sasa. Nisalimie mtoto.


Kiembe Samaki, Mfunguo Tatu 24, yaani 2 Agosti

Kwa Katibu wa Matemwe, ambaye pia ni mwanangu,

Marahaba. Malalamiko yamepokewa. Maelezo ni haya: halua aliila, ndoa hakuahidi. Kitanda kileteni.

Sisi wazima. Mtoto anasimama kwa kushika kanga yangu. Nami nina habari. Vijana wa hapa wamenifanya mlezi wa timu, kwa sababu jezi zinafuliwa kwangu. Nilianza kwa kufua, sasa nakaa pembeni nawaambia. Hata sikujua kuwa nina maoni. Yanakuja yenyewe! Ndege ikishuka wachezaji wote wanainua vichwa, adui anapita. Nimewakataza, anayetazama ndege anafua jezi yake. Tangu hapo hatujafungwa. Tumemaliza wa kwanza upande wa kusini.

Nimesikia nanyi mmeongoza kaskazini, kwa kuwa yule mvuvi wa Nungwi kafumba macho mara sita. Hongera.

Sasa nataka kubadilishana nawe. Nipe Kificho na Makungu, wanakusumbua bure. Mjaka anataka watu wawili wa tanuri, watalala hapa. Ugomvi wao ni sanduku la mama yao. Kila mmoja anamwona mwenziwe mwizi. Sanduku liko huko nyumbani kwangu Matemwe, chini ya kitanda changu cha zamani, nyuma ya mikeka. Bi Mwatum alinipa mwenyewe kabla hajafa, akasema niwape watakapokuja pamoja. Hawakuja pamoja hata siku moja, wala hakuna aliyeniuliza. Mpe kila mtu upande mmoja wa kushika, walibebe mpaka kwangu.

Mimi nakupa wingi wa kulia, kijana mrefu. Akili ya mpira hana lakini hachoki. Hana mke, mtafutieni, na safari hii muulizeni mwenyewe binti.

Tukikutana fainali sitakuja. Nitakaa nyumbani nipike. Roho yangu siwezi kuikalisha pande mbili za uwanja.

Mama yako, mlezi


Matemwe, 18 Septemba 1956

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshasikia, lakini umesikia ya watu wa Kiembe Samaki, na wao walikuwa wakiimba. Acha nikwambie nilivyoona mimi.

Mpira ulichezwa Mwera, mbali na kila upande, watu wamejaa mpaka juu ya miembe. Kificho na Makungu walicheza kwenu kama mtu mmoja mwenye miguu minne. Walikuwa wakiitana kwa majina tangu mwanzo mpaka mwisho, nikajua sanduku limefika. Wingi wako mrefu alikimbia mchana kutwa kama ulivyosema, mara nyingine akiwa na mpira.

Matar nilimhofia. Kumbe Mwera bahari haionekani popote, kwa hiyo pande zote zikawa sawa kwake. Zilipobaki dakika tatu, bila kwa bila, akapata mpira, akazunguka, akapiga. Mjaka akaruka. Mama, sijawahi kumwona Mjaka akiruka. Mpira ukampita chini ya kwapa ukaingia.

Miaka sita nimelingojea goli hilo. Nimeliota. Matemwe nzima ikainuka, Mzee Mwalim akatupa kofia juu, haijapatikana mpaka leo. Nami nikafungua mdomo nishangilie, nikamwona yule mzee kalala kifudifudi, haondoki. Mkono mmoja chini ya kifua. Nikamngoja ainuke, hakuinuka.

Sikumbuki kukimbia. Nilijiona tu nshafika golini, nimepiga magoti kwenye chokaa, nimemshika bega, nasema, "Baba! Baba, umeumia?"

Uwanja mzima ulisikia, maana kila mtu alikuwa amenyamaza kunishangaa.

Mjaka akafumbua jicho moja. Akasema taratibu, "Sijaumia. Nimechoka. Toka uwanjani, mwanangu, unawaharibia mpira."

Nikageuka, refarii kasimama juu yangu na filimbi mdomoni. Akauliza, "Huyu nani?" Wakamwambia ni Katibu wa Matemwe. Akasema mtu wa nje kaingia uwanjani kabla mpira haujarudishwa kati, kwa hiyo goli halipo. Sheria hiyo mimi sijapata kuisikia, lakini kitabu chake alikishika kwa nguvu sana. Basi ikamalizika bila kwa bila, wakahesabu kona, nyinyi saba, sisi tano. Kombe mkachukua.

Kamati ilikaa jana. Nimeondolewa ukatibu, kura nane kwa bila. Hata yule wa kukataa safari hii alikubali. Kosa limeandikwa hivi: kumwita adui baba wakati wa mchezo. Mzee Mwalim aliniuliza mbele ya watu, "Simai, ulikuwa unafikiri nini?" Nikamwambia niliona mtu kaanguka. Hakuridhika. Wewe usiniulize.

Shangazi mzima. Mbuzi wazima. Sina kazi ya kuandika tena jioni, kwa hiyo Ijumaa baada ya sala nnakuja, peke yangu, nitakaa siku chache kama nyumba ya mpera haina mgeni mwingine. Kitanda kirefu nakileta juu ya gari, nimeshasema na dereva.

Mzee alisema hakuumia, lakini nilimwangalia akienda garini, goti la kushoto linamvuta. Nimemchukulia chupa ya mafuta ya nazi, yale mazito. Mkande asubuhi na jioni, na akikuuliza yametoka wapi, mwambie umenunua Darajani.

Mwanao,
Simai